SOKO LA CHAPAKAZI NA HAZINA YA CHENEO: Tamthilia Teule za Kiswahili kama Somo la Kwanza la Uchumi katika Shule za Nairobi

Utangulizi

Kwa muda mrefu wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekubaliana kwamba fasihi ni chombo cha kuelimisha jamii. Kauli hii imerudiwa mara nyingi mno hata imekuwa kama hodi: hupigwa mlangoni, kisha watu huingia ndani wasiikumbuke tena. Ni nadra kuulizwa fasihi huelimisha jambo gani hasa, humwelimisha nani, na hufanya hivyo kwa njia ipi ambayo masomo mengine hayawezi kuifuata. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa uchumi.

Hoja kuu ni hii. Katika shule za upili za Kenya, somo la Biashara hufundishwa kwa Kiingereza na haliwalazimu wanafunzi wote mpaka mwisho wa masomo yao. Kiswahili, kwa upande wake, kimekuwa somo la lazima hadi mtihani wa kidato cha nne, na ndani yake mna tamthilia ambayo kila mtahiniwa ametakiwa kuisoma. Imetokea basi kwamba tamthilia mbili, Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009) iliyotahiniwa hadi 2017, na Kigogo ya Pauline Kea iliyotahiniwa kuanzia 2018 hadi 2022, zimekuwa kwa maelfu ya vijana mahali pa kwanza, na kwa wengi mahali pa pekee, pa kufikiri kwa Kiswahili kuhusu soko, kodi, mshahara, mkopo na hazina ya umma. Swali la uhakiki ni je, tamthilia hizo zinaufahamu uchumi kiasi gani? Na je, darasa limekubali kujifunza kile ambacho tamthilia zinakifahamu?

Mifano ya mazingira itatolewa katikati ya jiji la Nairobi na katika vitongoji vyake vya magharibi: Kangemi, Kawangware, Riruta na Lavington. Sababu ya kuchagua upande huo ni kwamba huko tofauti za kiuchumi zinakaa ukuta kwa ukuta. Mwanafunzi wa Kawangware hahitaji kupanda gari ili auone utajiri wa Lavington. Huenda kwa miguu, na mara nyingi mzazi wake amekwisha kutangulia kwenda huko kufua, kupika au kulinda lango.

Sanaa na Mafunzo ya Uchumi

Wazo la kufundisha uchumi kwa njia ya sanaa si geni. Nchini Uingereza, kati ya 1832 na 1834, Harriet Martineau alitoa mfululizo wa hadithi zilizokusudiwa kuwafunza wasomaji wa kawaida kanuni za uchumi, na kila hadithi aliimalizia kwa muhtasari wa kanuni alizotaka zieleweke. Hadithi hizo zilisomwa sana katika wakati wake. Leo hazisomwi sana kwa ajili ya sanaa, na sababu yake si vigumu kuiona: mhusika anayeumbwa ili aseme kanuni hana la kusema baada ya kanuni kwisha.

Mfano wa pili ni wa Bertolt Brecht wa Ujerumani. Mnamo 1926 alitaka kuandika mchezo kuhusu soko la ngano la Chicago. Aliwauliza wajuzi namna bei za ngano zinavyopangwa, asipate maelezo ya kumtosheleza. Mchezo huo haukumalizika, lakini kushindwa huko kulimfanya aanze kuusoma uchumi kwa bidii. Funzo la kisa hiki ni la thamani kwa mhakiki wa Kiswahili: msanii akijaribu kuliweka soko jukwaani, atagundua upesi kwamba halielewi, na kugundua huko ndiko mwanzo wa elimu. Jukwaa linadai maelezo ambayo kitabu cha nadharia kinaweza kuyakwepa. Bei ikipanda jukwaani, lazima awepo mtu aliyeipandisha, mtu anayeilipa, na mtu anayekwenda kulala na njaa kwa sababu yake.

Waswahili wenyewe hawakungoja vitabu. Methali ni hazina kongwe ya fikra za kiuchumi: "Mali bila daftari hupotea bila habari" ni somo la uhasibu, "Rahisi ghali" ni somo la bei na thamani, "Mshika mbili moja humponyoka" ni somo la gharama ya kile kinachoachwa mtu anapochagua, nayo "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" yaeleza yanayompata mnunuzi ambaye muuzaji wake hana sababu ya kumwogopa. Jambo la kuzingatia ni kwamba methali hizi hazimfundishi mtu kwa kufafanua dhana. Humweka mtu ndani ya tukio: kuna mgema, kuna tembo, kuna maji. Tamthilia huendeleza mbinu hiyohiyo kwa upana zaidi.

Katika historia ya Kenya, mfano mkubwa ni wa Kamiriithu, Limuru, kwenye njia inayotoka Nairobi kupitia Kangemi. Mwaka 1977 wanakijiji, wakiwemo wafanyakazi wa mashambani na wa kiwanda cha viatu, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigikuyu ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Waigizaji hawakuipokea miswada kama wanafunzi watiifu. Waliijadili na kuirekebisha kwa yale waliyoyajua kuhusu kazi, ujira na ardhi. Kibali cha kuonyesha mchezo huo kilifutwa mwaka huohuo, na mwaka 1982 jumba lao likabomolewa. Ni dhahiri kwamba serikali ya wakati ule haikuuogopa mchezo kwa sababu ya nyimbo. Iliogopa hesabu iliyokuwa inafanywa hadharani.

Soko katika Kigogo

Tamthilia ya Kigogo inaanzia katika karakana iliyomo katika soko la Chapakazi, mjini Sagamoyo. Uamuzi huu wa kisanaa una uzito kuliko unavyopewa na wahakiki wengi. Mwandishi angeweza kuanzia ofisini kwa Majoka, mtawala, kama inavyofanywa mara nyingi katika tamthilia za kisiasa. Badala yake ameanza na watu watatu wanaofanya kazi kwa mikono: Sudi, Boza na Kombe, wachongaji. Kwa hiyo jambo la kwanza analoliona mtazamaji ni uzalishaji mali. Utawala unaingia baadaye, nao unaingia ukiwa na keki mkononi.

Keki hiyo, anayoileta Kenga, mshauri wa Majoka, ni ya sherehe za uhuru. Walimu wengi huifundisha kama ishara ya uhuru unaoliwa na wachache, na maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, keki hiyo ina bei, na swali la nani aliyeilipia ndilo linaloifanya ishara iwe na meno. Zabuni ya kuioka ilipewa Asiya, mke wa Boza, ambaye pia hugema na kuuza pombe haramu kwa idhini ya wakuu. Hapa mwanafunzi anaonyeshwa namna leseni inavyofanya kazi mahali ambapo sheria si moja kwa wote: kitu kilichokatazwa kwa umma huwa bidhaa adimu, na mwenye ruhusa ya kukiuza hujipatia faida ambayo haitokani na ubora wa bidhaa wala bidii yake. Naye hulipa fadhila hiyo kwa unyamavu. Kitabu cha uchumi kingeliita jambo hili ukiritimba, kikaishia hapo. Tamthilia yamwonyesha mke aliyepata zabuni na mume asiyeweza tena kusimama na wenzake.

Dhana ya pili ni ya kodi na huduma. Soko la Chapakazi linafungwa kwa kisingizio cha uchafu, ilhali wachuuzi walikuwa wakitozwa kodi, na kusafisha soko ni miongoni mwa kazi ambazo kodi ilitakiwa kuzifanya. Hatimaye inabainika kwamba mahali hapo panatakiwa kwa ujenzi wa hoteli ya kifahari. Katika hatua chache, mtazamaji amepitishwa katika somo zima: kodi ni bei ya huduma ya pamoja, huduma isipotolewa, uchafu unaotokea si kosa la mlipaji, na uchafu huohuo huweza kutumiwa kumnyang'anya mlipaji mahali alipolipia. Hili ni jambo ambalo mwanafunzi wa Kangemi analielewa bila ya kufafanuliwa, kwa kuwa amekwisha kumwona mtoza ushuru akipita sokoni asubuhi, na amekwisha kuyaona matope yaleyale jioni.

Dhana ya tatu, na pengine ndiyo yenye ustadi zaidi, ni ya mshahara halisi. Utawala wa Sagamoyo unapanga kuwaongezea wafanyakazi mishahara, na papo hapo kupandisha kodi. Fedha inatoka kwa mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa nyuma. Wanafunzi wengi huorodhesha jambo hili chini ya kichwa cha "udanganyifu wa viongozi", wakapata alama zao na kuendelea. Lakini hapa pana tofauti ya msingi katika elimu ya uchumi: tofauti baina ya kiasi kilichoandikwa katika hati ya mshahara na kiasi cha unga ambacho mshahara huo unaweza kununua. Anayeielewa tofauti hiyo hadanganyiki kwa urahisi tena, si na Majoka wa kitabuni tu.

Dhana ya nne imo katika kukataa kwa Sudi. Kazi ya kumchongea mtawala kinyago cha shujaa ina malipo mazuri, na nyumbani kwa Sudi watoto wana njaa. Ashua, mkewe, ni msomi aliyebaki mchuuzi, na soko la kuchuuzia limefungwa. Kwa hiyo kukataa kwa Sudi kuna gharama, na gharama hiyo inalipwa na watu ambao hawakuulizwa. Ni kosa kumfundisha Sudi kama "mzalendo na jasiri" bila ya kufanya hesabu hiyo. Ashua anapokwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada, anakwenda kwa sababu ya deni ambalo msimamo wa mumewe umemwachia. Tamthilia haimhukumu, na katika kutomhukumu huko ndimo kina chake kimo.

Sagamoyo si Nairobi, wala haipasi tamthilia igeuzwe ramani. Hata hivyo, mwanafunzi wa Nairobi ana historia ya kumsaidia kuisoma. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, iliponea chupuchupu mwaka 1991 ilipopangwa kujengwa maegesho ya magari juu yake. Miaka miwili kabla yake, yaani 1989, palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, mpango ambao Wangari Maathai aliupinga hadi ukaachwa. Visa hivi viwili vinamfundisha kijana kwamba mahali pa umma pana thamani isiyoandikwa katika bei ya ardhi. Thamani hiyo huonekana tu pale watu wanapokataa kuipoteza.

Hazina ya Umma katika Mstahiki Meya

Ikiwa Kigogo ni tamthilia ya soko, Mstahiki Meya ni tamthilia ya bajeti. Mji wa Cheneo unaongozwa na Meya Sosi. Hospitali haina dawa, na wagonjwa wanaambiwa dawa ziko njiani. Wafanyakazi wanadai nyongeza ya mishahara, nao wanajibiwa kwamba fedha hazipo. Wakati huohuo, matayarisho ya kuwakaribisha wageni kutoka ng'ambo yanaendelea bila ya kukosa fedha. Katika mpangilio huu Arege amefanya jambo ambalo vitabu vya uraia havifanyi: ameonyesha kwamba bajeti ni uchaguzi. Neno "hakuna fedha" halina maana mpaka pale linapowekwa kando ya "fedha zimetumiwa kwa nini". Shilingi iliyonunua kinywaji cha wageni ndiyo shilingi ambayo haikununua dawa. Hakuna shilingi mbili.

Kisa chenye elimu kubwa zaidi ni kile cha mwanakandarasi. Kwa ushauri wa Bili, rafiki yake Meya, pananuiwa kwamba mwanakandarasi alishtaki Baraza, alipwe fidia, kisha fedha zigawanywe. Mwanafunzi anayeusoma mpango huu kwa haraka ataandika "wizi". Lakini wizi wa aina gani? Hakuna kabati lililovunjwa, wala hapana mlinzi aliyepigwa. Hati zote zitakuwa halali: kuna mkataba, kuna shauri, kuna fidia, kuna stakabadhi. Anayelipa ni mwenye nyumba na mchuuzi wa Cheneo, naye hatajua kamwe siku aliyoibiwa. Hii ndiyo tofauti kati ya kuibia mtu na kuibia umma. Hasara ya mtu mmoja ina mlalamishi. Hasara iliyogawanywa kwa watu wote haina. Ndiyo maana mali ya umma inahitaji daftari lililo wazi kuliko mali ya mtu binafsi, na ndiyo maana Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 201, ikauweka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi kuwa misingi ya fedha za umma.

Historia nayo ilitia mkono. Nairobi ilitangazwa kuwa jiji mwaka 1950, na Charles Rubia akawa meya wake wa kwanza Mwafrika mwaka 1962. Mwaka 1983 baraza la jiji lilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na tume iliyoteuliwa, hadi 1992. Kisha mwaka 2013, kwa mfumo mpya wa kaunti, cheo cha meya kikatoweka na nafasi ya uongozi ikashikwa na gavana, wakati ambapo tamthilia ya Arege ilikuwa mikononi mwa watahiniwa. Walikuwepo waliosema kwamba kitabu kimepitwa na wakati. Dai hilo halina nguvu. Kilichofutwa ni jina la cheo. Hospitali, ushuru, mikataba na fidia vilihamia ofisi nyingine katika jengo lilelile katikati ya jiji.

Kasoro za Tamthilia Zenyewe

Haitakuwa haki kuzisifu tamthilia hizi bila ya kuzipima. Zote mbili zinaufahamu uchumi zinapoonyesha maradhi, lakini zinausahau zinapotoa dawa. Katika Mstahiki Meya mambo yanaishia kwa kutiwa nguvuni kwa Meya. Katika Kigogo umati unakusanyika langoni mwa soko, mkuu wa polisi anakataa kuwapiga watu risasi, na soko linafunguliwa. Mtazamaji anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini kesho yake soko litasafishwa na nani, kwa ushuru wa kiasi gani, na chini ya daftari la nani? Dawa za Cheneo zitaagizwa kwa fedha ipi, ikiwa mikopo ilikwisha kutiwa sahihi? Tamthilia haziulizi. Mtu mbaya ameondoka, na mchezo umekwisha.

Kasoro hii si ya ufundi tu. Inamfundisha kijana kwamba uchumi ni tabia ya watu: viongozi wakiwa wema, mambo yatakuwa mema. Alamin Mazrui, katika Kilio cha Haki (1981), aliliendea jambo hili kwa njia nyingine. Mgogoro wa wafanyakazi wa shamba la Delamon, wakiongozwa na mwanamke, Lanina, hautokani na ubaya wa moyo wa tajiri peke yake. Unatokana na uhusiano wa kazi na ujira, ambao ungebaki vilevile hata kama tajiri angekuwa mpole. Zaidi ya hayo, Mazrui anaonyesha kwamba wafanyakazi wanaodai haki kazini wanaweza kuinyima nyumbani, kwa kuwa kazi ya mwanamke jikoni haihesabiwi. Mwanafunzi akisoma Kilio cha Haki kando ya Kigogo, atalazimika kuuliza maswali ambayo Kigogo peke yake haimdai.

Upande wa pili wa kasoro hiyo unaonekana katika sanaa ya michoro. Mwaka 2010 lilianza kutolewa Nairobi jarida la katuni liitwalo Shujaaz, lililoandikwa kwa Sheng na kugawiwa vijana bila ya malipo, pamoja na gazeti la Jumamosi na kupitia mawakala wa kutuma fedha kwa simu. Mwaka 2012 lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule asipate kazi, na hadithi zake zimejaa maarifa ya kujipatia riziki, kama vile kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue. Mafanikio ya jarida hilo katika kuwafikia vijana hayana shaka, na wapo walimu wa Kiswahili walioibeza Sheng yake ambao wangefaa kwanza kujiuliza ni vijana wangapi wanaosoma makala yao. Hata hivyo, mafunzo yake yanaelemea upande mmoja: hapo uchumi ni ujanja na bidii ya mtu binafsi. Kifaranga kinaokolewa na mwewe wa angani. Mwewe wa ofisini hajatafutiwa rangi.

Kwa ufupi, tamthilia teule zinamfundisha kijana kumlaumu kiongozi, na katuni zinamfundisha kujitegemea. Kati ya mafunzo hayo mawili pana nafasi tupu, nayo ndiyo nafasi ya uchumi wenyewe: namna bei, kodi, mshahara na deni vinavyofungamana hata pale ambapo hapana mtu mbaya wala mtu mjanja.

Darasa na Mtihani

Nafasi hiyo ingeweza kujazwa na mwalimu, na hapa ndipo lawama kubwa inapoangukia. Mafunzo ya tamthilia katika shule nyingi yamegeuka kuwa mafunzo ya miongozo. Maudhui hupangwa katika orodha: ufisadi, ukoloni mamboleo, tamaa, usaliti. Chini ya kila neno huwekwa mifano kumi, kwa kuwa mtihani unaweza kudai mifano kumi. Mwanafunzi hukariri kwamba "soko lilifungwa" ni mfano wa uongozi mbaya, akaandika hivyo, akapata alama. Hakuulizwa kamwe wachuuzi walipoteza kiasi gani kwa siku, wala bei ya mboga Sagamoyo ilikuwaje baada ya soko kufungwa. Neno "ufisadi" limekuwa kapu ambamo kila kitu hutupwa, na kilichotupwa kapuni hakichunguzwi.

Maonyesho nayo yana shida yake. Vikundi vya waigizaji huigiza tamthilia teule katika kumbi za mjini na katika shule, nayo ni huduma njema, kwa kuwa tamthilia iliyoandikwa ili iigizwe haipaswi kuishia katika kusomwa kimya. Lakini maonyesho hayo yana kiingilio, na safari ya kwenda mjini ina nauli. Mwanafunzi ambaye mzazi wake ana uwezo huuona mchezo wa soko lililofungwa. Mtoto wa mchuuzi husimuliwa. Haya nayo ni somo la uchumi, ingawa hakuna aliyelipanga. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha jumba la michezo la kusafiri lililowapelekea watu maigizo pasi na malipo. Wazo hilo lingali na maana.

Njia ya kufundisha si ngumu, wala haihitaji vifaa vya gharama. Kabichi inayouzwa Kawangware huenda ilipitia Marikiti, katika barabara ya Haile Selassie, kabla ya kufika kwenye meza ya mchuuzi. Mwanafunzi akiifuata kabichi hiyo kwa maswali, akaandika ilinunuliwa kwa kiasi gani shambani, nauli na upakizi vilichukua kiasi gani, ushuru ulilipwa wapi, na mchuuzi alibaki na nini, atakuwa na maarifa ya kuongeza onyesho moja katika Kigogo: onyesho la siku ya pili baada ya soko kufunguliwa. Na aigize, na wenzake wabishane naye. Mtoto wa Lavington amwigize mchuuzi, na mtoto wa Kawangware amwigize mjenga hoteli, kila mmoja alazimike kuitetea hesabu ya mwenzake. Hapo wataona mahali ambapo hoja ya hoteli ina nguvu, kwa maana hoteli nayo huleta kazi, na mahali ambapo inavunjika.

Kuna pia suala la istilahi. Mjadala wa namna hiyo unadai maneno: mahitaji na ugavi, mtaji, faida, riba, ruzuku, mfumuko wa bei, mshahara halisi. Maneno haya yapo katika Kiswahili, na yamekuwapo kwa miongo mingi, hasa katika matumizi ya Tanzania. Lakini istilahi isiyotumiwa na mtoto ni kama shilingi iliyofukiwa: ni halali, lakini hainunui kitu. Tamthilia ndiyo soko ambamo istilahi hizi zinaweza kuzunguka, kwa kuwa humo hutamkwa na mtu mwenye haja.

Hitimisho

Kwamba wakubwa huuchukulia uchumi wa jukwaani kwa uzito kuliko walimu ni jambo lililothibitika. Mwaka 2013 mchezo wa Kiingereza wa wasichana wa shule ya Butere, Shackles of Doom, uliohusu ugawaji wa mali na mafuta, ulizuiwa kuonyeshwa katika tamasha la kitaifa la maigizo ya shule, mpaka Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe. Wanafunzi hao walionekana kuwa hatari kwa sababu waliuliza nani anapata nini.

Mwezi Juni 2024 vijana walijaa katika barabara za katikati ya Nairobi wakiupinga Mswada wa Fedha. Wengi wao walikuwa wa umri wa wale walioisoma Kigogo kwa ajili ya mtihani. Hapana ushahidi kwamba kitabu ndicho kilichowatoa nyumbani, na mhakiki asijidai. Lakini inafaa kukumbukwa kwamba mjadala wa siku hizo haukuwa wa majina ya watu peke yake. Mswada wenyewe ulisomwa, vifungu vyake vikafafanuliwa kwa michoro na kwa lugha za mitaani, na swali la kodi ya asilimia 16 juu ya mkate likajadiliwa hata na wauza mkate. Tarehe 25 Juni damu ilimwagika, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia mswada huo sahihi. Vijana walikuwa wanafanya barabarani, kwa gharama ya maisha, hesabu ambayo ingaliweza kuanza kufanywa darasani kwa gharama ya kipande cha chaki.

Katika mtaala mpya, Fasihi ya Kiswahili katika ngazi ya juu ya sekondari imewekwa miongoni mwa masomo ya kuchagua. Wapo watakaoona kwamba mwanafunzi wa sayansi au wa biashara hatapungukiwa kitu. Makala haya yamejaribu kuonyesha kitu atakachopungukiwa. Iwapo tamthilia itaondoka mikononi mwa walio wengi, kijana wa Kangemi ataendelea kuijua bei ya sukuma wiki kwa senti, na ataendelea kuisikia lugha ya bajeti ikisomwa Bungeni. Patakapokosekana ni mahali pa kuyakutanisha mambo hayo mawili kwa lugha yake mwenyewe, kabla ya siku atakapotakiwa kuyalipia.